Mama Alipofagia Soko la Same

Mama yangu, Elirehema, alifagia kwa kurudi nyuma. Wafagiaji wengine wa soko la Same walikwenda mbele na mafagio yao. Yeye alirudi kinyumenyume, taratibu, ili asikanyage alipokwisha kufagia. Jua lilipochomoza nyuma ya milima lilikuta uwanja mzima una mistari myembamba kama kichwa cha mtoto aliyechanwa vizuri, na wachuuzi wa kwanza walisita kidogo kabla ya kuukanyaga. Mimi nilipita hapo nikienda shule.

"Pita pembeni, Faraja," aliniambia kila siku. "Usiniharibie."

Nami nilipita pembeni, nikigeuka kumtazama mpaka nilipokata kona ya stendi. Sasa naishi Lembeni, nina duka langu kando ya barabara kuu, na kila nikifungua mlango asubuhi nafagia mwenyewe. Najaribu kurudi nyuma kama yeye. Mistari yangu hainyooki.

Alizaliwa Mhezi, huko juu milimani, ambako asubuhi migomba inadondosha maji kama imenyeshewa hata kama mvua haikunyesha. Baba alifariki kabla sijaanza kutembea. Shamba alilomwachia lilikuwa kipande cha mteremko kilichobanwa na mashamba ya shemeji zake, na mahindi yake hayakufika msimu mwingine. Basi akanibeba mgongoni, akashuka tambarare kutafuta kazi. Huko Same halmashauri ilikuwa ikitafuta wanawake wa kufagia soko na stendi, akaandikishwa.

Kwao kazi ya taka haikuwa kazi ya kutajia watu. Tulipopanda Mhezi wakati wa likizo, wajomba walimuuliza anafanya nini mjini, naye akajibu, "Niko halmashauri." Walitikisa vichwa kwa heshima. Njiani tukirudi niliwahi kumuuliza kwa nini hakusema anafagia. Akacheka mpaka akasimama. "Kwani nimedanganya? Halmashauri wenyewe ndio walionipa uwanja."

Mwenzake wa kazi alikuwa Mwanaidi, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Mwanaidi alikuwa mtu wa Makanya. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akaoa Mpare wa tambarare, akasilimu, hakurudi tena. Mwanaidi alikuwa na sauti ya kumsimamisha kondakta wa basi upande wa pili wa barabara, na cheko lililokuwa likifika kabla yake. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na pengine ndiyo sababu walipatana. Mama alikuwa Msabato, hafanyi kazi Jumamosi. Mwanaidi alikuwa Mwislamu, Ijumaa mchana anakwenda msikitini. Kwa hiyo Ijumaa mama alifagia pande zote mbili, na Jumamosi Mwanaidi akafanya vivyo hivyo. Msimamizi wao hakuwahi kuwapangia jambo hilo. Walipanga wenyewe mwanzoni kabisa, wakiwa wamekaa juu ya toroli, na sikumbuki hata mara moja waligombana juu yake.

Miaka ile ya themanini taka za Same zilikuwa taka za watu wasiokuwa na kitu. Zilikuwa maganda ya ndizi, magunzi, majani ya kabichi yaliyonyauka, majivu, mavi ya punda. Kopo la maziwa halikutupwa. Liligeuka kikombe, na likichakaa likawa kibatari. Chupa ilitiwa mafuta ya taa. Gunia lililochoka lilifumuliwa kamba. Sukari tuliipangia foleni, sabuni ilipokosekana mama alifua kwa majani ya mpapai, na ugali wetu ulikuwa wa ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliupachika jina la Yanga. Sitaki kusema maisha yalikuwa matamu. Lakini nakumbuka mama akiingiza mikono mitupu kwenye lundo, akalipakia kwenye toroli bila hata kutazama, maana hapakuwa na kitu cha kumkata. Dereva wa trekta, Habibu, alilipeleka lundo lile nje ya mji na tela lake, na wakulima walilisubiri hukohuko kwa ajili ya mashamba yao.

Kilichowaumiza siku hizo kilikuwa vumbi. Upepo wa Same haubembelezi. Walifagia wakiwa wamejifunga kipande cha kaniki puani, wamevaa katambuga za tairi, na jioni mama alikohoa kitu cheusi ndani ya leso, akaikunja upesi nisione. Halmashauri haikuwa na glavu wala mabuti. Kila walipoomba waliambiwa nchi nzima haina. Nao walijua ni kweli, kwa hiyo hawakuwa na wa kumkasirikia. Saa ya kula walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa bucha, wakala makande kutoka sufuria moja, na Mwanaidi akaigiza jinsi msimamizi anavyotembea, na Habibu akalala chini ya tela lake kwa kicheko. Nikikumbuka furaha ya utotoni, naikumbuka sufuria ile.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ulikuwa wakati wa ruksa, watu waliusubiri, na kusema haki sote tuliufurahia. Madukani sabuni zilirudi, tena za rangi na harufu mbalimbali. Nguo za mitumba zilimwagwa sokoni juu ya maturubai, na mama alininunulia sweta lenye picha ya mlima wenye theluji ambao haukuwa Kilimanjaro. Mwanaidi alijipatia koti la kiume la mvua, akalivaa wakati wa kiangazi.

Lakini taka zilibadilika. Ghafla kulikuwa na mifuko ya nailoni, iliyoruka na kunasa kwenye miiba mpaka vichaka vya pembeni mwa mji vikaonekana kama vimetoa maua. Kulikuwa na makopo yenye kingo kali, betri zinazovuja, chupa ambazo hakuna aliyezitaka tena. Wakulima waliacha kulisubiri tela. Mama alianza kurudi nyumbani na vidole vimechanika. Nilimfunga kwa vipande vya kanga, naye asubuhi akavifungua ili ashike fagio vizuri.

Na zahanati za watu binafsi ziliruhusiwa. Mojawapo ilifunguliwa nyuma ya stendi, nyumba ndogo iliyopakwa chokaa, mali ya tabibu mmoja aliyeitwa Respicius, mtu wa Bukoba. Watu walimpenda. Hakuwa na foleni ndefu na alimsikiliza mgonjwa mpaka mwisho. Mama mwenyewe alinipeleka kwake nilipougua malaria.

Siku lilipotokea jambo lile nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa Ijumaa, asubuhi, kabla ya saa ya msikiti. Mwanaidi aliinua mfuko wa nailoni kutoka kwenye lundo la nyuma ya stendi, akaukumbatia ili usipasuke, akaruka.

"Nimeng'atwa!" alisema. Alidhani ni nge.

Mama akampokea mfuko, akauweka chini, akaufungua kwa mpini wa reki. Ndani kulikuwa na pamba zenye damu na sindano za hospitali, zimetumika, hazina vifuniko. Moja ilikuwa bado imening'inia kwenye gauni la Mwanaidi, kifuani, karibu na bega.

Mwanaidi aliichomoa. Akaiweka kiganjani, akaitazama.

Sote tulijua kilichokuwa kikizungumzwa siku zile. Ule ugonjwa ulikuwa umefika mpaka milimani. Madereva, wachimba jasi, vijana waliorudi kutoka migodini, walizikwa mmoja baada ya mwingine, na jina lake lilitamkwa kwa kunong'ona. Redio ilisema unaambukizwa kwa vitu vyenye ncha kali. Sindano. Kila mtu alikuwa amesikia.

Mama alimkalisha Mwanaidi kwenye toroli, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji ya muuza chai. Kisha akauchukua ule mfuko mwenyewe, akaushika mbali na mwili wake, akavuka stendi. Alikuwa amepanga maneno njiani, aliniambia baadaye, maneno makali na marefu. Alipofika kwenye kizingiti cha zahanati, mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi, yalimpotea yote. Daktari Respicius alitoka chumbani.

"Mama, vipi? Unaumwa?"

"Mwenzangu amechomwa," mama alisema, akauweka mfuko sakafuni. "Na hizi."

Daktari alitazama. Mwanzo alisema zahanati ziko nyingi. Kisha akainama, akaona kitu fulani, labda chupa ya dawa ya kwake. Alipoinuka alikuwa amebadilika rangi.

"Shimo langu limejaa," alisema. "Ardhi hii ni mwamba, mama. Nilimwambia kijana wangu azichome. Nilimwambia."

"Hakuzichoma."

"Naona."

"Basi njoo umwone."

Akaenda. Hilo nitalisema siku zote, kwamba alikwenda akiwa na koti lake jeupe, akapita katikati ya stendi, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya toroli. Alimchoma Mwanaidi sindano ya pepopunda, mpya, akamwonyesha akiifungua. Mwanaidi akamuuliza moja kwa moja, kwa sauti yake ile, kama atakufa. Stendi nzima ilisikia. Daktari alisema hajui. Alisema inabidi wasubiri, kisha atamchukua damu na kuipeleka Moshi yeye mwenyewe.

Kusubiri kule kulimtafuna mama kuliko Mwanaidi. Usiku alijigeuza kitandani. Alisema laiti angekuwa yeye aliyeuinua ule mfuko, maana ulikuwa upande wake. Mwanaidi alikuwa amemsaidia tu kwa sababu siku ile mama alikuwa na kikohozi.

Wiki chache baadaye macho ya Mwanaidi yakageuka manjano. Hakuweza kula, mkojo wake ukawa kama chai ya rangi. Hapo watu hawakusubiri majibu ya Moshi. Wakaamua wenyewe kwamba ni ule. Mama mmoja aliyepanga chumba jirani na chake akahamisha ndoo zake. Muuza chai akaanza kumpa Mwanaidi kikombe cha peke yake, chenye mpini uliovunjika. Mwenye nyumba akamwambia Hamdani, mtoto wa kiume wa Mwanaidi, kwamba anahitaji chumba chake. Mwanaidi akafunga virago, akarudi Makanya kwa dada yake.

Mama hakulia. Jumapili ile alipika makande, akaifunga sufuria kwenye kanga, tukapanda garimoshi lililokuwa likienda Tanga. Mabehewa ya siku hizo yalikuwa yamechakaa, madirisha hayafungi, lakini nilikipenda kile kipande cha safari: milima upande mmoja, mkonge upande wa pili, upepo wa joto, na wanawake wakiuza mayai ya kuchemsha kwenye kila kituo. Makanya tulimkuta Mwanaidi amelazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, peke yake. Sahani yake ilikuwa imewekwa kando ya mlango, imefunikwa.

"Usinikaribie, Mama Faraja," alisema. "Hata dada yangu hanikaribii."

Mama akakaa kwenye mkeka. Akafungua sufuria, akachukua makande kwa kijiko, akala, akamnyooshea Mwanaidi kijiko kilekile.

"Kula."

"Elirehema."

"Nimetoka Same na joto hili. Kula."

Mwanaidi akala. Kisha mama akanigeukia, akanipa kijiko. Siwezi kusema kwamba sikusita, lakini mkono wa mama ulikuwa umenyooka mbele yangu, na mama mdogo alikuwa ananitazama kwa yale macho ya manjano. Nilikula. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Tulipokwenda tena Jumapili iliyofuata sahani ilikuwa ndani, pamoja na nyingine.

Majibu yalirudi. Daktari Respicius aliyaleta kwa miguu mpaka sokoni, akamwita mama pembeni. Ule ugonjwa haukuwemo. Lilikuwa ini, alisema, ugonjwa mwingine wa damu, nao haukuwa na dawa zaidi ya kupumzika na kula vizuri. Mama alikaa chini palepale, juu ya taka alizokuwa amezikusanya.

Alipoinuka aliweka fagio begani, akaenda ofisi ya halmashauri, akaketi chini ya ukuta. Hakumwambia mtu. Lakini wafagiaji wengine walimwona, wakaja mmoja mmoja na mafagio yao, wakaketi. Habibu alileta trekta, akalizima mbele ya mlango. Msimamizi alitoka, akauliza kuna nini.

"Tunasubiri glavu," mama alisema.

Kesho yake waliketi tena, na siku iliyofuata. Upepo uliizungusha mifuko ya nailoni mjini kote, ikaingia mpaka ofisini kwa wakubwa. Soko likaanza kunuka. Baadhi ya wachuuzi waliwatukana, na baadhi waliwapelekea chai. Mwishowe alikuja ofisa wa afya, Ikupa, msichana wa Mbeya aliyehamishiwa Same muda si mrefu. Alimsalimu mama, "Shikamoo," akavuta kanga yake, akaketi chini pamoja nao, akasikiliza. Wiki hiyohiyo alizunguka zahanati zote za mji akisimamia uchimbaji wa mashimo. Kwa Daktari Respicius ilibidi watumie mitarimbo, mwamba ule ulikuwa mgumu kweli, na daktari mwenyewe alivua koti lake akashika mmoja.

Glavu zikaja. Mabuti ya mpira yakaja pia, yote ya saizi moja, ya wanaume wakubwa. Mama aliyajaza matambara ya mitumba ili yasimvuke, akatembea sokoni akiburuta miguu kama bata. Nikamcheka. Naye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Mwanaidi alirudi kazini baada ya mvua. Alikuwa amekonda na alichoka upesi, na sauti yake haikufika tena ng'ambo ya barabara. Mama alimwachia kivuli na yeye akachukua upande wa jua. Sufuria ya makande ilirudi pale kwenye ukuta wa bucha, na siku moja muuza chai alimletea Mwanaidi chai kwenye kikombe kizima, akakaa nao mpaka akaimaliza. Nadhani miaka ile michache iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote waliyofanya kazi. Walikuwa na mabuti, walikuwa wamezoeana mpaka hawahitaji kusemezana, na mji ulikuwa umejifunza majina yao.

Haikudumu. Serikali ilikuwa ikipunguza watu, na ilipofika zamu ya halmashauri walianza na wafagiaji. Kazi akapewa mzabuni kutoka nje ya mji. Mama na Mwanaidi walirudisha mabuti stoo, wakaaga. Asubuhi iliyofuata mama aliamka kama kawaida, akavaa, akakaa kitandani amejifunga kaniki shingoni. Kisha tulipita pamoja sokoni, tukawaona wafagiaji wa mzabuni, wasichana wadogo, mikono mitupu. Mama alimwendea mmoja, akatoa ndani ya kapu lake zile glavu ambazo hakuzirudisha, akampa. "Mifuko usiikumbatie," alimwambia. "Iburute."

Akapanda Mhezi. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kusikia habari za ule mgomo, na hapakuwa na haja tena ya kusema "niko halmashauri". Mjomba mkubwa alimpa kipande cha shamba karibu na mfereji. Kikohozi hakikumwacha, lakini kwenye ile hewa ya baridi kilimpa nafasi ya kulala. Alipanda maharage na tangawizi, na uwanja wake ulikuwa msafi kuliko wa kanisa.

Mwaka mmoja, mimi nikiwa tayari nimeolewa, nilimpeleka Mwanaidi kumtembelea. Alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya milima ile na hakuwahi kuipanda. Gari lilipoanza kupanda mlima kutoka Makanya alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akasoma dua mpaka tulipofika. Alishuka amejifunga kanga juu ya kanga, anatetemeka.

"Mama Faraja," alisema, "kumbe unakaa ndani ya jokofu!"

Mama alitoka jikoni mbio, fagio bado mkononi. Walishikana wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja anakohoa, mwingine anahema kwa sababu ya mlima. Nilipika mimi siku ile. Jioni ukungu ulipopasuka niliwapelekea chai nje, nikawakuta wamekaa kwenye jiwe la ukingoni, wamejifunika blanketi moja. Chini kabisa tambarare ilikuwa imetandazwa, ya rangi ya hudhurungi, na vumbi likinyanyuka barabarani nyuma ya lori lisilosikika. Mwanaidi alikuwa akinyoosha kidole, akimweleza mama nyumba gani ya Makanya imeezekwa bati jipya, nani ameoa, nani amehama, na mama, aliyekuwa hawezi kuona hata moja ya nyumba hizo kwa umbali ule, alikuwa akiitikia kila jina.